Bei ya Mukeke Si Taka

Kiswahili kina maneno mawili yanayoandikwa sawa na kutamkwa sawa: taka, yaani uchafu unaotupwa, na taka, kitenzi cha kuhitaji kitu. Darasani tulifundishwa kuyaita homonimu, tukaendelea na mada nyingine. Lakini tangu nianze kufuatilia namna kampuni za mtandao zinavyochuja ujumbe, naona maneno haya mawili yanakutana. Ujumbe taka ni ujumbe usiotakwa. Sasa nani anajua kwamba haukutakwa? Aliyeutuma, aliyeupokea, au kampuni iliyo katikati ambayo haimjui hata mmoja wao? Katika insha hii nitajaribu kuonyesha kwamba kampuni hupima umbo la ujumbe, ilhali kwetu ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kinachotenganisha ujumbe wa haki na wa uongo ni uhusiano wa watu wawili. Mfano wangu mkuu ni biashara ya samaki mjini Rumonge.

Kwa wasiofika huko, Rumonge iko kusini mwa Bujumbura, umbali wa kilomita zipatazo 70, kwenye barabara ya taifa nambari 3 inayoambaa na ziwa hadi Nyanza-Lac. Mji huu unajulikana kwa mawese na kwa samaki, hasa mukeke na ndagala, ambao Watanzania huwaita dagaa. Kirundi ndiyo lugha ya wote, lakini Kiswahili kina mizizi ya zamani hapa kwa sababu ya biashara na Ujiji, Kigoma na ng'ambo ya Kongo. Wapo pia waliokimbia mwaka 1972, wakaishi Tanzania miaka mingi, wakarudi na watoto wanaozungumza Kiswahili vizuri kuliko Kirundi. Juu ya hayo kuna Kifaransa cha shule na cha ofisi. Kwa hiyo ujumbe wa kawaida wa mfanyabiashara wa samaki huwa hivi: "Mwaramutse. Mukeke iko, prix ni ya jana, mwenye kutaka ajibu vite." Salamu ni ya Kirundi, bei ni ya Kifaransa, sentensi ni ya Kiswahili, na hakuna mtu sokoni anayeona ajabu.

Ujumbe kama huo una wakati wake. Ndagala na mukeke huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu mwanga huwavuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haufui dafu, na wavuvi wengi hukaa nchi kavu. Giza likirudi, mitumbwi hutoka, na alfajiri mwalo hujaa watu. Mfanyabiashara ana saa chache tu za kuwaarifu wateja wake walio Bururi, Matana au Gitega kabla samaki wabichi hawajaanza kuharibika na kabla gari la kwanza halijaondoka. Siku hizi, mafuta ya gari yanapoadimika, hawezi kupeleka mzigo kwa kubahatisha. Ni lazima ajue mapema nani atanunua na kiasi gani. Kwa hiyo simu yake hukaa kimya siku kadhaa, kisha asubuhi moja hutoa ujumbe ule ule kwa watu wengi ndani ya dakika chache.

Sasa tutazame upande wa kampuni. Ujumbe taka wa kielektroniki si jambo la jana. Mnamo Mei 1978 mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Kimarekani, Gary Thuerk, alituma tangazo moja la biashara kwa watu karibu 400 kwenye mtandao wa ARPANET, na wengi walikasirika. Barua pepe zilipoenea, matangazo na ulaghai vilizidi hadi watu wakashindwa kuona barua zao za kweli. Mwaka 2002 mwanaprogramu Paul Graham aliandika makala iliyosaidia kueneza njia mpya ya kuchuja: badala ya mtu kuorodhesha maneno mabaya kwa mkono, mashine ihesabu maneno yanayotokea zaidi katika barua zilizotupwa na yale yanayotokea zaidi katika barua zilizohifadhiwa, kisha ikadirie barua mpya iko upande gani. Uzuri wa njia hii ni kwamba mtumiaji mwenyewe ndiye mwalimu. Kila anapobonyeza kitufe cha kuripoti, anaifundisha mashine.

Lakini mwalimu huyo hufundisha kwa lugha yake. Mashine iliyolishwa mamilioni ya barua za Kiingereza hujua vizuri sura ya ulaghai wa Kiingereza. Ikikutana na "prix ni ya jana", haina pa kushika. Zaidi ya hayo, baadhi ya programu za ujumbe siku hizi hufunga mawasiliano kwa njia ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma. Hilo ni jema kwa siri za watu, lakini lina matokeo: kwa kuwa mashine haisomi maneno, hutazama mwenendo. Namba hii imetuma mara ngapi? Kwa kasi gani? Kwa watu wangapi? Wangapi wamelalamika? Mlinzi asiyeruhusiwa kufungua mfuko huangalia jinsi mtu anavyotembea.

Mama mdogo wangu hutembea kama mwizi, kwa kipimo hicho. Anauza mukeke na ndagala, na ana wateja karibu 80 aliowapata mmoja mmoja kwa miaka mingi. Siku moja, baada ya giza la mwezi kurudi, alituma bei ya asubuhi kama kawaida, na kabla hajamaliza orodha yake akaunti ikafungwa. Kwenye kioo palitokea maneno machache ya Kifaransa kwamba amekiuka masharti. Programu hiyo sitaitaja, kwa sababu nia yangu si kushitaki kampuni moja. Nimeona mambo ya aina hii kwa zaidi ya moja. Aliniita nimsaidie kuandika malalamiko. Fomu ilitupa vifungu vya kuchagua: matusi, utapeli, mtu kujifanya mwingine, na mengineyo. Vyote vilikuwa kwa ajili ya anayemshitaki mtu. Kwa anayeshitakiwa hapakuwa na kifungu hata kimoja. Tulichagua "mengineyo", nikaeleza habari ya samaki, wateja na mwezi. Baada ya siku mbili lilikuja jibu kwamba uamuzi umepitiwa na haubadiliki. Jibu halikutaja samaki.

Siku hizo mbili zilikuwa na gharama. Samaki wa siku ya kwanza aliwauza palepale mwaloni kwa bei ya kutupa, naye alikuwa ameshawachukua kwa mkopo kwa mwenye mtumbwi. Siku ya tatu alinunua laini mpya, akafungua akaunti mpya, akawaandikia wateja: "Mimi ni yule wa mukeke wa Rumonge. Akaunti ya zamani imefungwa, hii ni namba yangu mpya. Pesa za samaki tumeni huku."

Msomaji wangu bila shaka ameona tatizo. Huo ndio ujumbe wa tapeli, neno kwa neno. Wengi hawakujibu. Mmoja aliandika, "Mwizi, tumekujua." Mteja mmoja wa Matana alifanya jambo lililotuchekesha katikati ya huzuni: alipiga simu kwenye namba ya zamani, ambayo kwa kupiga na kupokea ilikuwa bado inafanya kazi, akamwonya mama mdogo kwamba kuna mtu anatumia jina lake kuiba pesa za wateja. "Mama, uwe macho," alimwambia. Mama mdogo alimjibu, "Baba, huyo mwizi ni mimi." Kwa sauti ile alisadikiwa mara moja.

Nimefikiria sana tofauti ya ujumbe huo wa haki na ujumbe wa utapeli, na nadhani sisi wanafunzi wa lugha tuna la kusema hapa. Tanzania kuna ujumbe wa utapeli unaojulikana na kila mwenye simu, na husambaa hadi kwetu kwa wenye laini za huko: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Tazama kionyeshi "ile". Hakionyeshi kitu kilicho mbele ya macho, bali kinarejelea jambo ambalo msemaji na msikilizaji tayari wanalijua. Tapeli hana habari zozote juu yako. Hajui jina lako, wala kama una deni. Lakini kwa neno moja anajifanya mmeshazungumza jana. Akituma kwa watu wengi, hawezi kukosa mmoja ambaye kweli alikuwa amwandikie ndugu yake pesa ya ada au ya kodi, na huyo hatauliza. Sarufi imemkopesha tapeli uhusiano asiokuwa nao.

Ujumbe wa mama mdogo una "ile" ya kweli, lakini ukweli wake hauko katika maneno. Uko katika miaka ya kuuziana samaki, katika madeni yaliyolipwa na yaliyosamehewa. Hakuna mashine inayouona, na hata mteja hawezi kuuona kwenye kioo. Aliusikia tu kwenye sauti.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imefanya jambo la maana kuhusu utapeli huo. Mwananchi anayepokea ujumbe wa namna hiyo anaweza kuutuma kwenda namba 15040, na namba ya mtuhumiwa hufuatiliwa na kuweza kufungiwa. Kinachonipendeza ni urahisi wake. Haihitaji intaneti, haihitaji fomu, na Kiswahili kinaeleweka upande wa pili. Mwenye simu ya vibonyezo ana sauti sawa na mwenye simu janja. Hata hivyo njia hiyo pia ni ya kushitaki tu. Kila mfumo nilioutazama una mlango mpana wa kusema "huyu ni mbaya", na tundu dogo la kusema "mimi si mbaya".

Je, kampuni hazisikilizi? Zinasikiliza, lakini kwa namna yao. Mfano unaojulikana ni wa Facebook. Mwezi Septemba 2006 ilianzisha kipengele kipya kilichokusanya habari za marafiki wote katika ukurasa mmoja. Watumiaji walikasirika, ndani ya siku chache mamia ya maelfu walijiunga na kundi la kukipinga. Mark Zuckerberg aliomba radhi, na kampuni ikaongeza njia za kudhibiti nani aone nini. Lakini kipengele hakikuondolewa. Watu walikuwa wanalalamika kwa maneno huku vidole vyao vikiendelea kukitumia, na kampuni iliamini vidole. Leo karibu kila mtandao wa kijamii una ukurasa wa namna hiyo.

Mfano wa pili uko karibu nasi na unanifurahisha zaidi. Mwaka 2005, Safaricom na Vodafone zilianza kujaribu huduma ya M-Pesa nchini Kenya, Thika na Nairobi, kwa watu wachache wapatao 500. Lengo la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha kulipa mikopo yao kwa simu. Watumiaji hawakubaki katika lengo hilo. Walianza kutumiana pesa wao kwa wao, kulipiana, na hata kuweka pesa mahali pamoja kabla ya safari na kuzitoa mwisho wa safari ili wasiporwe njiani. Waliokuwa wakisimamia jaribio waliona. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mkopo ulikuwa umewekwa kando, na tangazo lilihusu kutuma pesa nyumbani. Kwetu Burundi mtoto wa leo anayemtumia bibi yake pesa kwa Lumicash anafuata njia iliyokanyagwa na wale watu wa Thika bila kuulizwa.

Mifano hii miwili inafundisha jambo moja: kampuni hujifunza zaidi kutokana na watu wanavyotenda kuliko wanavyosema. Si jambo baya. Lakini kuna tofauti. Thika kulikuwa na watu waliotumwa kutazama, watu waliokaa na watumiaji na kuwauliza kwa nini. Walipoona mwenendo wa ajabu hawakusema, "Huyu anakiuka masharti." Walisema, "Huyu anatufundisha kitu." Mama mdogo naye alikuwa anafundisha kitu: kwamba chombo cha kuzungumza na marafiki kinaweza kuwa soko la samaki linalofuata mwezi. Hakuwepo mtu wa kutazama. Ilikuwepo mashine, na mashine ilihesabu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kampuni iliyo mbali haijalala kitanda cha Rumonge.

Lazima niwe mwadilifu. Mama mdogo mwenyewe hataki machujio yaondolewe. Yeye hupokea ujumbe wa kitapeli kila wiki, na jirani yake sokoni alipoteza mtaji wa mawese kwa sababu ya "ile hela". Kampuni inayohudumia mamilioni ya watu haiwezi kumpigia simu kila mmoja. Pia nyuma ya vitufe kuna binadamu ambao kazi yao ni ngumu kuliko tunavyodhani. Kwa miaka kadhaa hadi mwanzoni mwa 2023, machapisho ya Facebook kutoka nchi nyingi za Afrika yalikaguliwa Nairobi na wafanyakazi wa kampuni ya Sama, na mwaka huo zaidi ya 180 kati ya wakaguzi hao walifungua kesi mahakamani kuhusu ajira yao. Wengi walieleza jinsi walivyoumia akilini kwa kutazama mambo ya kutisha siku nzima. Tunapodai kusikilizwa, tukumbuke kwamba kuna mwenye masikio.

Hata lugha zetu huongezwa kama vipengele, kila moja kwa zamu yake. Kiswahili kiliingia katika Google Translate mwaka 2009. Kirundi kiliingia Juni 2024, pamoja na lugha nyingine zaidi ya mia moja. Miaka 15 imetenganisha lugha mbili ambazo kwenye soko la Rumonge hazitenganishwi hata na pumzi. Na mashine inayojua Kiswahili peke yake na Kirundi peke yake bado haijajua lugha ya mwaloni, ambayo ni zote mbili kwa pamoja na chumvi ya Kifaransa.

Nini kifanyike? Nina mapendekezo matatu, na yote yametokana na yale niliyoyaona. La kwanza, mtu aonywe kabla ya kufungiwa, na aambiwe kosa lake kwa maneno yanayoeleweka. Kama mama mdogo angeambiwa, "Umetuma kwa watu wengi kwa haraka, pumzika kidogo," angepumzika, na samaki wangeuzwa. La pili, malalamiko yapokelewe kwa sauti. Watu wengi wa ufukweni husema vizuri kuliko wanavyoandika, na kama nilivyoonyesha, sauti ndiyo iliyomsafisha. La tatu, mawakala watumiwe. Kila soko lina wakala wa pesa za simu chini ya mwavuli wake. Anamjua mama mdogo, anajua wateja wake, anajua na matapeli wa mtaa. Akipewa njia ya kuthibitisha kwamba mtu fulani ni mfanyabiashara wa kweli, uhusiano utaingia kwenye hesabu za mashine kwa mara ya kwanza.

La nne si la kampuni, ni letu. Mashine hufundishwa kwa matini, na matini za Kiswahili cha Rumonge na Nyanza-Lac hazipo kwa sababu hakuna aliyezikusanya. Tunaandika tasnifu nyingi juu ya mofolojia ya vitenzi na uhakiki wa riwaya, na ni vizuri. Lakini nani ameandika jinsi wavuvi wetu wanavyochanganya lugha, jinsi wanavyosalimiana kwenye simu, jinsi mnunuzi anavyoomba kupunguziwa bei bila kumkera muuzaji? Kusema kwamba ni Kiswahili kibovu ni kuwaacha wenyewe mikononi mwa mashine isiyowajua. Ningependa kuona wanafunzi wawili au watatu wakikaa mwaloni mwezi mzima, kwa ruhusa ya wenyewe, wakikusanya na kufafanua mazungumzo hayo, na walimu wetu wakikubali kwamba hiyo pia ni kazi ya isimu.

Mama mdogo amepata njia yake kwa sasa. Hatumi tena ujumbe mmoja kwa wote. Anarekodi sauti, akimtaja kila mteja kwa jina, akimuuliza habari za watoto, kisha bei. Wateja wamerudi karibu wote. Kazi iliyokuwa ya dakika kumi sasa inamchukua zaidi ya saa moja kila alfajiri, na mara mbili nimemwona akikosa gari la kwanza kwa sababu ya salamu.